SÉKOU TOURÉ NA GHARAMA YA KUSEMA HAPANA

Mjini Mwanza iko hospitali ya mkoa iitwayo Sekou Toure. Jina hilo si la tabibu, wala si la mfadhili aliyetoa fedha za kujengea. Ni jina la karani wa posta wa Guinea, katika Afrika ya Magharibi, aliyepanda kwa ngazi ya chama cha wafanyakazi hata akawa Rais, na ambaye katika siku zake wananchi wa Guinea walikataa kwa kura kubaki chini ya Ufaransa.

Kura za namna hiyo hazijakwisha duniani. Watu wa Sudan Kusini walipiga yao mwaka 2011, wa Scotland mwaka 2014, na wa Kaledonia Mpya walipiga mara tatu kati ya 2018 na 2021. Kila mahali swali lililofuata baada ya lile la bendera lilikuwa la fedha: rasilimali zitakuwa za nani, sarafu itakuwa ipi, mishahara ya watumishi itatoka wapi. Wale wanaoshikilia kuwa uhuru huleta ufukara huinyoshea kidole Guinea. Wale wanaoshikilia kuwa uhuru hauna bei nao huinyoshea Guinea. Sisi twaona pande zote mbili zimeisoma hesabu hiyo nusu, na kwamba haisomeki sawasawa ila kwa kufuata maisha ya mtu huyu tangu mwanzo.

Ahmed Sékou Touré alizaliwa Faranah tarehe 9 Januari, 1922, katika nchi ya juu ambako mto Niger huanza safari yake. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali. Kitu kimoja walichokuwa nacho ni jina, kwa maana walijihesabu kuwa wa ukoo wa Almami Samory Touré, ambaye aliwapiga vita Wafaransa kwa miaka mingi hata walipomkamata mwaka 1898, akafa uhamishoni Gabon mwaka 1900. Kijana alisoma chuoni, kisha shule ya serikali, kisha akapelekwa shule ya ufundi mjini Conakry. Huko alifukuzwa kwa kuwaongoza wenzake kugoma kwa sababu ya chakula kibaya. Elimu iliyobaki alijitafutia mwenyewe, kwa masomo ya posta na kwa kusoma usiku. Jambo hilo halikumtoka moyoni: maisha yake yote aliwaonea wivu, na baadaye kuwatilia mashaka, wale waliohitimu shule kubwa za Dakar na Paris.

Mwaka 1941 aliingia kazi ya posta na simu. Mwaka 1945 yeye na wenzake wakaunda chama cha wafanyakazi wa posta na simu, cha kwanza cha namna yake katika Guinea, naye akawa katibu. Mwaka 1946 alikuwapo Bamako ulipozaliwa umoja wa vyama vya siasa wa RDA, uliokusanya wazalendo wa makoloni ya Kifaransa, na mwaka 1952 akawa Katibu Mkuu wa tawi lake la Guinea, Parti Démocratique de Guinée. Serikali ilimfukuza kazi. Chama kikampa kazi nyingine.

Lakini mgomo wa mwaka 1953 ndio uliomfanya kuwa kiongozi wa nchi nzima. Bunge la Ufaransa lilikuwa limepitisha sheria ya kazi kwa makoloni, iliyoweka wiki ya saa 40. Mabwana wakaipokea sheria kwa mkono mmoja na kuipokonya kwa mkono wa pili: walipunguza saa bila kuongeza malipo ya saa, hata mfanyakazi akajikuta analeta nyumbani mshahara mdogo kuliko wa zamani. Wafanyakazi walidai nyongeza ya asilimia 20 ili wasipoteze kitu. Mgomo ulianza tarehe 21 Septemba, ukaendelea zaidi ya miezi miwili. Watu wa mjini wangeshindwa na njaa kabla ya wiki ya nne kama si wakulima walioleta mchele, na kama si wanawake wa sokoni waliowapikia wagomaji na kuwapa bidhaa pasipo kuuliza watalipwa lini. Mwisho wa Novemba nyongeza ilikubaliwa. Tangu siku ile kadi ya chama na kadi ya chama cha wafanyakazi zilikaa katika mfuko mmoja, na wanawake wa masoko wakawa nguzo ya tatu. Msomaji asiwasahau wanawake hawa, maana watarudi katika habari hii.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Mwaka 1955 aliuawa M'Balia Camara, mwanamke wa chama aliyekuwa mja mzito, katika ugomvi na chifu wa Tondon, na maziko yake yakawa mkutano mkubwa wa siasa. Januari 1956 Touré alichaguliwa kwenda bunge la Paris. Mwezi Mei 1957, chini ya sheria mpya iliyotoa madaraka kidogo kwa makoloni, akawa makamu wa mkuu wa baraza la serikali, gavana Mfaransa akiwa mkuu. Na mwisho wa mwaka ule baraza lake likafuta uchifu wa wilaya. Machifu hao ndio waliokusanya kodi, waliotoa watu kwa kazi za shuruti, na ndio waliowaelekeza watu wao namna ya kupiga kura. Mwaka uliofuata, katika Niger, machifu walisimama pamoja na gavana kuishinda kura ya Hapana. Katika Guinea hapakuwa na machifu wa kusimama naye.

Katikati ya mwaka 1958 Jenerali de Gaulle alirudi kutawala Ufaransa, vita vya Algeria vikiendelea, naye akaandika katiba mpya. Makoloni yaliulizwa swali moja, yajibu siku moja, tarehe 28 Septemba. Atakayesema Ndiyo ataingia katika Jumuiya ya Kifaransa, ajitawale mambo ya ndani, na Paris ishike ulinzi, mambo ya nje na fedha. Atakayesema Hapana atakuwa huru siku ile ile, na siku ile ile misaada ya Ufaransa itakoma.

Haki yataka tuseme kwamba waliotetea Ndiyo hawakuwa wajinga. Félix Houphouët-Boigny wa Ivory Coast, ambaye alikuwa mkubwa wa Touré katika RDA, alifanya hesabu ya mkulima wa kahawa na kakao, kama alivyokuwa yeye mwenyewe. Ufaransa ilinunua mazao kwa bei iliyo juu ya bei ya dunia. Ilijaza pengo la bajeti. Faranga ya makoloni ilisimama kwa dhamana ya hazina ya Paris. Guinea nayo ilikuwa na mengi ya kupoteza: ndizi zake zilipendelewa katika soko la Ufaransa, na tena palikuwa na mpango wa bwawa kubwa katika mto Konkouré, ambalo umeme wake ungeyeyusha aluminiamu kutokana na boksaiti ya nchi. Sisi tuliosomeshwa na wamisionari ni wepesi kumtaja Esau na dengu zake tusikiapo mtu ameuza haki yake kwa chakula. Lakini Esau alikuwa peke yake na njaa yake; Houphouët alikuwa na maelfu ya wakulima wenye deni dukani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Touré mwenyewe hakuanza na Hapana. Ugomvi wake na Houphouët ulikuwa juu ya shirikisho: yeye alitaka makoloni ya Afrika ya Magharibi yakae pamoja chini ya serikali moja ya Kiafrika huko Dakar, wala si kila moja lishike mkono wa Paris peke yake. Alikuwa tayari kusema Ndiyo, mradi katiba itambue haki ya nchi hizo kuwa huru baadaye. Tarehe 25 Agosti de Gaulle alifika Conakry. Njia yote kutoka uwanja wa ndege ilijaa watu waliovaa nguo za chama. Touré akahutubia mbele yake kwa sauti ya mtu wa mikutano ya mgomo, akasema kwamba watu wake waona umaskini pamoja na uhuru ni bora kuliko utajiri wa mtumwa. De Gaulle alijibu kwa ufupi na kwa baridi, kwamba uhuru uko mezani, mwenye kuutaka auchukue, na Ufaransa nayo itaamua lililo lake. Hata baada ya hapo Katibu Mkuu alikuwa bado anapima. Waliomsukuma walikuwa wa chini: vijana wa chama, wanafunzi, matawi ya vijijini, na zaidi ya wote wafanyakazi. Umoja wa vyama vya wafanyakazi, UGTAN, ulioundwa mwaka 1957 na ambao yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wake, ulitangaza Hapana mwanzoni mwa Septemba. Chama cha waalimu, chini ya Keïta Koumandian, kilikuwa kimetangulia. Tarehe 14 Septemba mkutano wa PDG uliokusanyika Conakry ukaamua Hapana, na zilikuwa zimebaki siku kumi na nne tu.

Watu zaidi ya milioni 1.1 walisema Hapana. Waliosema Ndiyo hawakufika 60,000. Hapana koloni lingine lililofanya hivyo. Niger, ambako Djibo Bakary wa vyama vya wafanyakazi alipigania Hapana, ilishindwa. Djibouti, ambako Mahmoud Harbi alifanya vile vile, ilishindwa. Hata jirani zetu wa visiwa vya Ngazija walipiga Ndiyo. Tarehe 2 Oktoba Guinea ilitangazwa kuwa jamhuri.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na twapenda kuigawa katika karatasi mbili.

Karatasi ya kwanza iliandikwa Paris. Katika majuma machache watumishi wa Kifaransa, maelfu kwa maelfu, waliamriwa kuondoka: madaktari, mahakimu, wahandisi, waalimu. Majalada yalichomwa au yalichukuliwa. Simu ziling'olewa ofisini. Waalimu wachache wa Kifaransa walikataa amri hiyo wakabaki, nao wastahili kutajwa. Misaada ilikatwa, mpango wa Konkouré ukawekwa kabatini, na ndizi zikapoteza upendeleo wake. Ghana ya Kwame Nkrumah ikaahidi mkopo wa pauni milioni 10, na nchi za mashariki ya Ulaya zikaleta mafundi na mikopo. Walakini yafaa kusahihisha kosa moja linalorudiwa sana: Guinea haikufukuzwa katika eneo la faranga siku ile. Ilibaki humo hadi Machi 1960, ilipotoka kwa hiari yake na kutoa faranga yake yenyewe, ili matajiri wasizidi kuhamisha fedha. Idara ya siri ya Ufaransa ikajibu kwa kuingiza noti bandia za sarafu hiyo mpya, kazi ambayo mmoja wa wakubwa wa idara hiyo alikuja kuikiri miaka mingi baadaye. Nia ilikuwa kwamba nchi nyingine zione na kuogopa.

Karatasi ya pili iliandikwa Conakry. Serikali ilitwaa biashara ya nje, kisha ya jumla, ikaikabidhi kwa ofisi ambazo hazikuwa na makarani wa kutosha wala maghala wala magari. Faranga mpya haikukubalika nje ya mipaka, basi kahawa na ng'ombe vikavuka usiku kwenda Liberia, Sierra Leone na Ivory Coast, vikauzwe kwa fedha yenye kununua kitu. Serikali ikawaita wote magendo. Wengine walikuwa magendo kweli. Wengine walikuwa wakulima waliochoka kupewa bei ya karatasi. Ajabu ni kwamba mahali pekee ambapo fedha ya kigeni iliingia bila kukoma ni pale ambapo ubepari haukuguswa kwa muda mrefu: kiwanda cha alumina cha Fria, kilichofunguliwa mwaka 1960, mali ya makampuni ya kigeni yakiongozwa na Olin Mathieson ya Marekani pamoja na Pechiney ya Ufaransa. Baadaye, tangu 1973, ikaongezeka boksaiti ya Boké, ambamo serikali ilikuwa na hisa asilimia 49. Boksaiti ikalipa gharama za dola, na kwa hiyo dola haikulazimika kumsikiliza mkulima.

Na sasa tufike kwenye jambo linalotuuma sisi watu wa chama kuliko yote. Novemba 1961, miaka mitatu tu baada ya kura, chama cha waalimu kiliandika kulalamikia mishahara. Viongozi wake, naye Keïta Koumandian akiwa mmoja wao, walishtakiwa kuwa wahaini wakafungwa. Wanafunzi walioandamana kuwatetea walizimwa kwa nguvu, na balozi wa Urusi akafukuzwa kwa kudaiwa kuwachochea. Hebu tafakari, ndugu msomaji. Mtu aliyefukuzwa shule kwa mgomo, aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya chama cha wafanyakazi, aliyeinuliwa na mgomo wa nyongeza ya mshahara, aliwafunga waalimu kwa kuomba mshahara. Na waalimu hao ndio waliosema Hapana kabla yake.

Hatuwezi kusema kuwa njama zote zilikuwa za kubuni. Tarehe 22 Novemba, 1970 askari wa Kireno pamoja na Waguinea waliokimbia nchi walishuka Conakry kwa meli usiku, wakawafungua Wareno waliokuwa wafungwa wa vita, wakatafuta viongozi wa wapigania uhuru wa Guinea-Bissau. Touré alikuwa amewapa wapiganaji hao makao, kama alivyompa Nkrumah makao, na hata cheo cha Rais mwenza, alipopinduliwa mwaka 1966. Afrika iliyokuwa vitani inamdai shukrani kwa hayo, na hatutazinyima. Lakini adui wa kweli alitumiwa kuwa kisingizio cha maadui wa kutungwa. Januari 1971 watu walinyongwa hadharani darajani mjini Conakry. Katika kambi ya Boiro wafungwa waliachwa bila chakula wala maji mpaka wakate roho. Hivyo ndivyo alivyokufa mwaka 1977 Diallo Telli, aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na aliyekuwa ameisimamisha Guinea katika Umoja wa Mataifa mwaka ule ule wa 1958. Keïta Fodéba, mwanzilishi wa kundi mashuhuri la ngoma, aliyekuwa waziri wake, alikuwa amekwisha kufia humo humo mwaka 1969. Waliopotea walikuwa maelfu. Waliokimbilia nchi jirani na Ufaransa walikuwa mamia ya maelfu, nao walikuwa mafundi, waganga na wakulima wale wale ambao nchi iliwahitaji tangu Wafaransa walipoondoka. Hiyo nayo ni hasara ya uchumi, ingawa haimo katika vitabu vya hazina.

Mwaka 1975 biashara ya watu binafsi ilipigwa marufuku, na askari wa uchumi wakapewa idhini ya kupekua vikapu sokoni. Tarehe 27 Agosti, 1977 wanawake wa soko walikataa kupekuliwa. Wakawashinda askari, wakaandamana hadi ikulu wakiimba, na maasi yakaenea mikoani. Alijaribu kuwahutubia, kwa sauti ile ile iliyomtetemesha de Gaulle, nao wakamzomea. Bunduki zilifyatuliwa, watu wakafa. Lakini askari wa uchumi walivunjwa, na soko likaruhusiwa kuuza tena. Waguinea wengi huhesabu siku ile kuwa ndiyo siku utawala wake ulipovunjika mgongo. Wale waliomlisha mwaka 1953 walijua thamani ya sufuria ya mchele kuliko kamati zake zote.

Baada ya hapo alibadilika upesi. Mwaka 1978 alipatana na Houphouët na Senghor mjini Monrovia, na Desemba ya mwaka ule Rais wa Ufaransa, Giscard d'Estaing, alipokelewa Conakry kwa shangwe katika njia ile ile aliyopita de Gaulle.

Je, waliosema Ndiyo walipata nini? Nchi hizo, zote za Afrika ya Magharibi, zilipata bendera mwaka 1960, miaka miwili tu baadaye, na misaada haikukatwa. Ivory Coast ilisitawi kwa miaka ishirini, mpaka bei ya kakao ilipoanguka. Lakini walibaki na sarafu iliyoamuliwa Paris, na kwa miaka mingi akiba yao ya fedha za kigeni, kwanza yote na baadaye sehemu, iliwekwa katika hazina ya Ufaransa. Mali ilijaribu sarafu yake mwaka 1962 ikarudi kundini. Kwa hiyo kila upande ulilipa. Tofauti ni kwamba Guinea iliandikiwa hesabu yake siku moja, mbele ya watu wote, na wengine waliandikiwa yao kidogo kidogo.

Touré alikufa tarehe 26 Machi, 1984 katika hospitali ya Cleveland, Marekani, alikopelekwa kupasuliwa moyo. Tarehe 3 Aprili askari wakatwaa serikali, chama kikafutwa, na milango ya Boiro ikafunguliwa. Sarafu iliyokuwa imebatizwa jina la syli iliondolewa mwaka 1986, likarudi jina la faranga ya Guinea, ambayo ndiyo nchi inayoitumia hata leo. Mto Konkouré ulikuja kujengewa mabwawa, la Garafiri mwaka 1999 na la Kaleta, kwa fedha za Kichina, mwaka 2015, lakini boksaiti iliyo nyingi bado hupakiwa melini ikiwa udongo mwekundu.

Mwaka 2021 uwanja wa ndege wa Conakry ulipewa jina lake, na watoto wa waliofia Boiro walilalamika. Kaburi lake liko mtaa wa Camayenne, ndani ya uwanja wa msikiti mkuu, karibu na mabaki ya Samory yaliyorudishwa kutoka Gabon. Kambi ya Boiro iko mtaa huo huo.